Mirathi, Damu na Zimwi: Usomaji wa Riwaya ya Carrie kwa Macho ya Butali

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi wa Afrika Mashariki riwaya ya kutisha imelelewa kama mtoto wa kambo. Inasomwa na wengi, inajadiliwa na wachache, na inapojadiliwa hutupwa katika kapu moja na riwaya ya upelelezi na ya mapenzi chini ya jina la fasihi pendwa, kana kwamba kupendwa ni kasoro ya kifani. Matokeo yake ni kwamba kijana wa shule ya upili anayesoma hadithi za majini na vifo usiku, kwa mwanga wa taa ya koroboi au wa simu, hana mhakiki wa kumwelekeza. Mwalimu anamwambia aiache na kuishika riwaya teule. Mhubiri anamwambia aichome.

Makala haya yanakusudia kuisoma kwa makini riwaya moja fupi ya aina hiyo, Carrie, ya Mmarekani Stephen King, iliyotolewa mwaka 1974 na kampuni ya Doubleday. Usomaji huu unafanywa kwa macho ya msomaji wa mahali mahususi: Butali, katika nchi ya Wakabarasi, Kaunti ya Kakamega. Aidha, riwaya hiyo italinganishwa na Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1977. Miaka mitatu tu inazitenganisha kazi hizi mbili, na waandishi wake walifanya kazi katika mazingira yasiyofanana hata kidogo. Hata hivyo, zote mbili zinauliza swali moja: kijana afanye nini na nguvu ya kutisha ambayo hakuiomba bali ameirithi?

Nadharia inayoongoza uchambuzi huu ni ile ya upokezi, hasa wazo la Hans Robert Jauss kwamba kila msomaji huifikia kazi akiwa na upeo wake wa matarajio. Butali ni kituo cha biashara kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye, kilichozungukwa na mashamba ya miwa na chenye kiwanda cha sukari kilichoanza kusaga mwaka 2011. Msomaji wake ana lugha tatu mdomoni, yaani Kikabarasi, Kiswahili na Kiingereza. Anazijua hadithi za linani, zimwi la ngano za Waluhya, na anaijua Biblia. Haifai kumdhania kuwa mtu mmoja mwenye imani moja, kwani wapo waaminio uchawi, wapo wanaoucheka, na wapo wanaoucheka mchana tu. Jambo linalowaunganisha ni kwamba wote wanalifahamu swali la uchawi.

Kisa na muundo wake

Kisa ni chepesi kusimulia. Carrie White, msichana wa miaka kumi na sita anayeishi na mamake mjane katika mji mdogo wa Chamberlain, jimbo la Maine, anapata hedhi yake ya kwanza katika bafu la shule. Hajui ni nini. Wenzake wanamrushia sodo na kumzomea. Tukio hilo linauamsha kikamilifu uwezo aliozaliwa nao wa kusogeza vitu kwa nguvu ya fikra. Sue Snell, mmoja wa waliomzomea, anajutia kosa lake na kumwomba mpenzi wake, Tommy Ross, ampeleke Carrie kwenye dansi ya shule. Chris Hargensen, aliyenyimwa ruhusa ya kuhudhuria dansi hiyo, anapanga kisasi pamoja na Billy Nolan. Carrie anapotawazwa malkia wa usiku ule anamwagiwa damu ya nguruwe. Anaifunga milango ya ukumbi kwa fikra zake. Shule inaungua, mji unaungua, na mamia ya watu wanakufa. Mamake anamchoma kisu, naye anausimamisha moyo wa mama huyo. Hatimaye anakufa huku Sue akiwa kando yake.

Upekee wa riwaya hii umo katika muundo. King hakusimulia kwa sauti moja. Kati ya vipande vya masimulizi ya kawaida ameingiza habari za magazeti, kurasa za vitabu vya kitaalamu, sehemu za kitabu cha kumbukumbu kilichoandikwa na Sue Snell, na ushahidi uliotolewa mbele ya tume ya uchunguzi. Nyaraka hizi zote ni za kubuni. Tangu kurasa za mwanzo msomaji anaambiwa kwamba maafa yametokea na kwamba wataalamu wanayachunguza. Taharuki, basi, haitegemei swali la nini kitatokea. Inategemea uchungu wa kuona jinsi jambo lilivyoweza kuzuiwa kila hatua na halikuzuiwa.

Mbinu hii haimshangazi msikilizaji wa ngano. Fanani wa Kikabarasi anapoanza hadithi ya wasichana waliokwenda kutafuta kuni msituni, hadhira yake inajua kwamba linani atatokea. Wanaisikiliza tena kwa sababu wanataka kujua ni nani kati ya wasichana wale atakayemwacha mwenzake nyuma.

Swali la Todorov na swali la Butali

Katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi ya ajabu, Tzvetan Todorov alidai kwamba kiini cha fasihi hiyo ni kusitasita. Msomaji, sawa na mhusika, hajui kama tukio lina maelezo ya kawaida au linavunja kanuni za ulimwengu. Kusitasita kukiisha, ajabu nayo imekwisha. Kwa kipimo hiki Carrie si mfano mzuri, kwani tangu habari ya kwanza ya gazeti, inayosimulia mvua ya mawe iliyoiangukia nyumba ya akina White mwaka 1966, jambo lisilo la kawaida limekwisha kukubaliwa.

Hapa ndipo usomaji wa Butali unapoweza kuisaidia nadharia. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika utafiti wake wa mwaka 1937 kuhusu Waazande, alitoa mfano wa ghala lililowaangukia watu waliokuwa wamekaa kivulini mwake. Waazande walijua vyema kwamba mchwa ndio waliozila nguzo. Walilotaka kujua ni kwa nini ghala lilianguka wakati ule na juu ya watu wale. Uchawi ulikuwa jibu la swali la pili na haukulifuta jibu la kwanza. Swali hilo la pili halijui mpaka; linaulizwa matangani Butali kama linavyoulizwa kwingineko.

Msomaji aliyezoea swali hili hasitisiti pale Todorov anapotaka asitesite. Hapotezi muda akiuliza kama kitu kinaweza kusogezwa kwa fikra. Anauliza ni nani aliyemkosea nani, tangu lini, na ni nani aliyeona akanyamaza. Hayo ndiyo maswali ambayo riwaya ya King imejengwa kuyajibu. Kwa hiyo msomaji wa Butali, ambaye mtu angedhani yuko mbali na Maine, anaufikia moyo wa riwaya hii kwa njia ya mkato.

Damu ya kwanza

Vitisho vya kweli katika Carrie vinatangulia kila jambo lisilo la kawaida. Msichana anayeiona damu yake na kudhani anakufa yumo hatarini kabla hajasogeza chochote. Margaret White, mamake, ameamua kwamba hedhi ni alama ya dhambi, na kwa hiyo amemficha bintiye elimu ya mwili wake mwenyewe. Anamfungia kabatini akatubu. Shule nayo inashindwa kwa namna nyingine. Mwalimu wa michezo anampiga kofi kabla ya kumhurumia, na naibu wa mwalimu mkuu analikosea jina lake hata anapojaribu kumfariji. Kutojulikana jina ni jambo dogo, lakini King ameliweka mahali pake: hapo ndipo kisahani cha kuwekea majivu ya sigara kinapoanguka chenyewe.

Katika nchi ya Waluhya zamani wasichana walilala katika nyumba ya nyanya, na huko ndiko walikojifunza mambo ambayo mama hakuweza kuyasema waziwazi. Taasisi hiyo imedhoofika kwa sababu nyingi, na shule ya bweni haikuichukua nafasi yake. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ya elimu ya msingi ikarekebishwa ili serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Kwamba jambo hili lilihitaji sheria ya bunge ni ushahidi kwamba bafu la Chamberlain haliko mbali. Msichana wa Butali anayezisoma kurasa zile za mwanzo hahitaji tanbihi.

Methali ya Kiswahili inasema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Riwaya ya King inaipindua. Wanaomjua Carrie ndio wanaomla mpaka mwisho: mama aliyemzaa na wenzake waliosoma naye tangu utotoni. Mgeni pekee katika maisha yake ni Tommy Ross, naye anamtendea utu kwa usiku mmoja, kisha anauawa na ndoo iliyoanguka. Hakuna zimwi linalotoka msituni. Katika ngano nyingi za linani, mara kwa mara mtoto aliyedharauliwa na nduguze ndiye anayegundua hila za zimwi na kuwaokoa. Chamberlain inamdharau mtoto wa namna hiyo hadi anageuka kuwa zimwi lenyewe. Hiki ndicho kitovu cha msiba wa Carrie, nacho kinaonekana wazi zaidi kwa anayeijua ngano kuliko kwa asiyeijua.

Mirathi: Carrie na Gusto

Suala la urithi ndilo linaloipa riwaya hii uzito na pia udhaifu wake mkubwa. Wataalamu wa kubuni ndani ya kitabu wanaueleza uwezo wa Carrie kuwa tabia ya kijenetiki inayopita katika ukoo. Kulikuwa na mwanamke wa ukoo wake aliyekuwa nao kabla yake, na Margaret aliuogopa. Ukurasa wa mwisho ni barua ya mwaka 1988 ambamo mwanamke wa Tennessee anamsimulia ndugu yake kwa furaha jinsi bintiye mdogo anavyosogeza gololi bila kuzigusa. Riwaya inafungwa kwa mtoto anayecheza, na msomaji anabaki na hofu.

Katika Mirathi ya Hatari, Gusto, kijana aliyepitia shule, anarithishwa uchawi na babake. Mung'ong'o ameliteua neno lake kwa makini. Mirathi kwa Kiswahili ni neno la sheria na la dini. Ni mali iliyoachwa na marehemu ambayo ina warithi, mashahidi na wadai. Anayerithi anaweza kushindania mirathi, kuigawa au kuikataa. Ni jambo linalotendwa na watu kwa watu. Kwa sababu hiyo Gusto, hata akiwa amezungukwa na hatari, anabaki kuwa mtu mwenye uamuzi, na msomaji anaweza kumhukumu kwa matendo yake.

Tofauti hii si ya istilahi tu. Kiswahili kina methali mbili zinazogombana. Ya kwanza inasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wataalamu ndani ya Carrie wanasimama na ya kwanza, ingawa wanaivika koti la maabara. Matukio yenyewe ya kisa yanaiunga mkono ya pili, kwani mtoto wa Tennessee ana nguvu ileile lakini ana mama anayeifurahia. King ameyaacha mawazo haya mawili yakizozana bila kuyapatanisha.

Mahali ambapo uchawi unasemekana kupita katika damu, mzozo huo una bei. Sheria ya Uchawi ya Kenya imekuwepo tangu mwaka 1925, lakini haijazuia watu kuuawa kwa tuhuma. Mwezi Mei mwaka 2008 wazee kumi na mmoja walichomwa moto huko Kisii. Mtuhumiwa akishauawa, watoto na wajukuu wake hubaki na jina. Kijana anayeitwa wa ukoo ule yumo katika hatari ambayo hakuna riwaya ya kutisha iliyoizidi, maana hawezi kujitetea dhidi ya damu yake. Kwa hiyo mhakiki anayesomea Butali hana budi kulisema waziwazi: wazo la jeni, ambalo kwa msomaji wa Maine ni pambo la kisayansi, linaweza kusikika hapa kama uthibitisho wa tuhuma. Katika jambo hili riwaya ya Mung'ong'o imesimama kwenye ardhi imara zaidi, kwa kuwa inamrudishia kijana wajibu na uhuru wake. Carrie nayo inaishinda katika jambo jingine: inauonyesha mji mzima ukishiriki katika kumtengeneza anayemwogopa.

Tume na milango

Kati ya nyaraka za kubuni, zilizo muhimu zaidi ni zile za Tume ya White. Tume inasikiliza mashahidi, inamhoji Sue Snell kwa mashaka makubwa, na mwishowe inafikia uamuzi kwamba hakuna sababu ya kuamini kuwa jambo kama hilo litatokea tena. Barua ya Tennessee inauvunja uamuzi huo papo hapo. Kinaya hiki kinailenga lugha rasmi yenyewe, lugha inayoweza kuandika kurasa nyingi juu ya nguvu za ajabu na isiandike sentensi moja juu ya msichana aliyezomewa.

Msomaji wa Kenya ana jambo la kulinganisha. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti yake ilifikishwa bungeni mwaka 1999, na shule zilikuwa miongoni mwa mahali palipotajwa. Katika kipindi hichohicho, Machi 1998, wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule ya Bombolulu huko Kwale. Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, Machakos. Katika mikasa yote miwili milango iliyofungwa na madirisha yenye vyuma iliwazuia watoto kutoka. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni la Hillside Endarasha, Nyeri.

Haisemwi hapa kwamba tume ilisababisha mioto. Linalosemwa ni kwamba jamii inaweza kumtafuta shetani kwa bidii kubwa huku kufuli likining'inia mlangoni. Carrie anaifunga milango ya ukumbi kwa uwezo usio wa kawaida. Milango ya Bombolulu na Kyanguli ilifungwa kwa mkono. Mtu akiisoma sura ya moto katika riwaya hii akiwa na mikasa hiyo akilini, jambo lisilo la kawaida linafifia na kubaki mlango tu. Hapo riwaya inayosemekana kuwa ya kupoteza wakati inatimiza kazi ambayo ripoti haikuitimiza: inamlazimisha msomaji kusimama ndani ya ukumbi, upande wa wasioweza kutoka.

Kasoro

Haifai sifa hizi ziufunike udhaifu. Margaret White amechorwa kwa wino mmoja. Dini yake haina jirani, haina wimbo wala sadaka. Ni hasira tupu. Msomaji wa magharibi mwa Kenya, ambako Marafiki walifika Kaimosi mwaka 1902 na ambako madhehebu mengi yameota mizizi tangu hapo, anajua kwamba kanisa laweza kumkandamiza msichana na kanisa hilohilo laweza kumpa mahali pa kukimbilia. Utata huo haumo katika riwaya. Vilevile Chris na Billy ni waovu mno kiasi kwamba wanampunguzia msomaji mzigo wa lawama. Sue Snell ndiye mhusika aliyekamilika zaidi, kwa kuwa yeye alizomea pamoja na wengine, akajuta, akajaribu kufidia, na fidia yake ikawa mlango wa maafa. Ni kwake, zaidi ya kwa Carrie, kwamba msomaji kijana anaweza kujiona.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba riwaya fupi ya kutisha inastahili mizani ileile inayotumiwa kwa riwaya teule. Carrie ikipimwa kwa mizani hiyo inaonekana kuwa kazi yenye muundo wa kijasiri na dhamira nzito, iliyojeruhiwa na wazo la urithi ambalo haikulifikiri mpaka mwisho. Mirathi ya Hatari inaisahihisha katika hilo, nayo inasahihishwa na Carrie kuhusu lawama ya jamii. Zikisomwa pamoja zinakamilishana, na mwalimu wa fasihi aliye na nafasi ya kuzisomesha pamoja asisite.

Kuhusu msomaji wa Butali, yule anayesoma usiku na kukificha kitabu asubuhi, uhakiki unaweza angalau kumwondolea aibu. Hofu anayoitafuta kurasani haitokani na uvivu wala na upungufu wa imani. Anajifunza kulitambua zimwi. Akihitimu vizuri katika somo hilo, atajua kwamba mara nyingi zimwi halijifichi msituni. Linaanza siku kundi linapocheka, mtu mzima anapolikosea jina la mtoto, na mwenye ufunguo anapokwenda zake.